Kadi ya Mama na Seva ya Kukodi

Hotuba kwa wanafunzi wa programu na makarani wa vyama vya ushirika, Kisumu

Oyawore uru. Mulembe. Chamgei. Walimu wangu mliokaa mbele, makarani mliopanda matatu za alfajiri kutoka Vihiga, Nandi na Nyando, nanyi vijana mliobeba laptopu zenu, asanteni kwa kunipa asubuhi hii.

Nimekuja na kadi. Walio nyuma hawataiona vizuri, kwa hiyo nitawaeleza. Ni kadi ya maziwa ya mama yangu. Imekunjwa mara mbili, pembe moja imeliwa na mende, na rangi yake ya samawati imebaki kwenye mikunjo tu. Upande wa kushoto kuna tarehe, katikati kilo za asubuhi, kulia kilo za jioni, na pembeni sahihi ya karani kwa kalamu ya risasi. Mama alikuwa na ng'ombe wawili. Alikuwa akiubeba mtungi hadi barabarani, anasubiri gari la ushirika, anapimiwa, na karani anaandika mara mbili: kwenye kadi hii, na kwenye daftari kubwa lililokaa ofisini.

Mwezi mmoja wa masika mvua ilipenya paa la stoo ya ushirika ule na daftari likalowa. Wino ulienea kurasa zikawa kama maji ya kuoshea nguo. Waliokuwa na kadi walilipwa kwa kadi. Wasiokuwa nayo walilipwa kwa makisio, na sikumwona mkulima hata mmoja ambaye makisio yale yalimpendelea. Jirani yetu alikuwa amelazwa na mtoto hospitalini mwezi ule, kadi ikapotelea huko. Alipewa nusu ya alichotarajia. Nilikuwa msichana mdogo nimeshika leso ya mama, na bado namwona jirani yule alivyosimama mbele ya dirisha la malipo, pesa mkononi, hataki kuondoka na hana la kusema.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kutengeneza programu ya wavuti yenye hifadhidata nyuma yake, yaani daftari kubwa la ndani ya kompyuta, na namna ya kuipeleka hewani, watu waifikie mtandaoni. Nitayazungumzia. Ila mjue kwamba kila nitakalosema, kuanzia jedwali la kwanza hadi seva, ile kompyuta ya mbali inayoendesha programu, nalipima kwa dirisha lile. Programu tunaiandika sisi. Data ni ya aliyeamka saa kumi usiku kukamua.

Vijana wengi ninaowapa kazi huanza na ukurasa wa mbele: rangi, nembo, vitufe vya mviringo. Wiki ya tatu ndipo mmoja anauliza data itakaa wapi. Nawaomba mwanze na karatasi na penseli, mchore majedwali, na mkae na karani mkichora. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyerusha ndege katika Vita vya Pili vya Dunia kisha akawa mtafiti wa kampuni ya kompyuta ya IBM kule San Jose, California, alichapisha makala yenye wazo hili: data ipangwe katika majedwali, na anayeiuliza aseme anataka nini bila kulazimika kujua imehifadhiwa vipi ndani ya mashine. Kabla ya hapo programu na mpangilio wa data vilifungwa pamoja kama ndama na mguu wa mamake wakati wa kukamua. Ukimgusa mmoja, mwingine anaruka. Wazo lile ndilo lililotuletea SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, likatuletea programu za hifadhidata kama MySQL mwaka 1995, na PostgreSQL, iliyoanza kama mradi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1986 na kupata jina lake la sasa mwaka 1996.

Faida yake nimeiona kwa macho. Mfumo wa ushirika ninaoufanyia kazi niliuandika kwanza kwa lugha ya PHP, baadaye tukauandika upya kwa lugha ya Python na Django, kiunzi chake cha kujengea programu za wavuti. Kurasa zote za zamani tulizitupa. Majedwali yalibaki yale yale, tukaongeza safu mbili tu.

Majedwali yenyewe ya msingi ni manne: wakulima, mapokezi, bei na malipo. Yanaonekana mepesi. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu huumizwa.

Tuanze na jina. Siku ya kwanza karani alisajili wakulima kumi na tisa bila tatizo. Wa ishirini akasema anaitwa Ng'eno, na programu ikaanguka. Katika SQL, alama ile iliyo juu kati ya g na e ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Nilikuwa nimeunganisha jina na amri katika sentensi moja, kwa hiyo hifadhidata ilisoma Ng kama jina zima, ikaona jina limefungwa, kisha ikakutana na eno na isijue ni amri gani. Mtu wa nchi nyingine angeweza kukaa mwaka mzima bila kuiona kasoro hiyo. Sisi wenye akina Ng'eno, Ong'ondo na Nyang'au tunaiona asubuhi ya kwanza. Na mlango uliomfungia Ng'eno nje ndio unaomwingiza mwizi. Anayeweza kuiandika alama ile kwenye kisanduku cha jina, akaandika mbele yake amri ya kufuta jedwali, ameshika hifadhidata yako mkononi. Kuna wanaotibu jambo hili kwa kukataza alama. Mimi nalikataa kabisa, maana jina la mtu ni jina lake, na mfumo usiolipokea umemwambia hayumo. Tiba ni kutuma amri peke yake na thamani peke yake, ili hifadhidata isipate nafasi ya kuzichanganya. Django hufanya hivyo bila kuombwa, mradi usiizunguke kwa kujiunganishia SQL yako.

Nambari ya simu, kwa upande wake, si hesabu. Hakuna atakayejumlisha simu mbili. Ukiihifadhi kama tarakimu, sifuri ya mbele inapotea, na siku ya malipo unaanza kukisia. Ihifadhi kama maandishi, kwa umbo moja kwa wote.

Kilo na shilingi, hizo ni hesabu, lakini si hesabu za aina yoyote tu. Fungua Python uandike 0.1 + 0.2. Itakujibu 0.30000000000000004. Mashine huhesabu kwa mbilimbili, na sehemu moja ya kumi haiandikiki ikaisha kwa namna hiyo, kama vile theluthi isivyoisha tukiiandika kwa desimali zetu. PostgreSQL ina aina ya safu iitwayo numeric, inayoshika desimali kama ulivyoziandika. Itumie kwa kila kilo na kila senti. Utaniambia senti moja si kitu. Mwisho wa mwezi jumla ya mfumo haikubaliani na jumla ya benki, na wa kwanza kushukiwa ni karani.

Sasa saa. Fomu yetu ya kwanza ilimwuliza karani saa aliyopokea maziwa. Karani wa zamu ya alfajiri akaandika 11:30. Kwake, kwangu, na kwa kila aliyelelewa nyumba ya Waswahili wa kusema, hiyo ni saa kumi na moja na nusu, jogoo bado wanawika. Kwa seva ni karibu adhuhuri. Kwa hiyo maziwa ya alfajiri yaliandikwa ya mchana, na dereva wa gari la baridi akaonekana anachelewa saa sita kila siku. Aliitwa ofisini kujieleza. Karani hakukosea, dereva hakukosea. Fomu ndiyo iliyouliza swali ambalo lina majibu mawili ya kweli. Tukaacha kuuliza. Simu hurekodi yenyewe, na kwenye kioo karani anaona saa 11:30 alfajiri, kama anavyoisema.

Na ninyi mnaotoka fuoni, Dunga na kwingineko, mna mtego mwingine hapo hapo. Seva nyingi huenda kwa saa za UTC, saa ya pamoja ya dunia, na sisi tuko saa tatu mbele yake. Mzigo wa omena ukipimwa saa saba usiku, kwa UTC bado ni saa nne ya usiku uliotangulia, yaani tarehe ya jana. Mvuvi anakuja kuuliza ya Jumanne na mfumo umeiweka Jumatatu. Hifadhi wakati pamoja na ukanda wake, na tarehe ya kazi ihesabiwe kwa ukanda wa Nairobi. Ni mpangilio mmoja kwenye faili la Django. Uweke siku ya kwanza.

Kuna jambo lililonichukua miezi miwili kulipata vizuri. Karani yuko kituoni, mtandao unasuasua. Anabonyeza kitufe cha kuhifadhi, hakuna jibu. Anabonyeza tena. Maombi yote mawili yalikuwa yamefika. Majibu ndiyo yaliyopotea njiani. Mkulima ameandikiwa kilo 7.4 mara mbili. Niliweka kanuni ndani ya hifadhidata kwamba mkulima mmoja, tarehe moja na zamu moja visirudiwe. Nikafurahi. Wiki iliyofuata mama mmoja mwenye ng'ombe wanne alileta mitungi miwili, na mfumo ukamkatalia wa pili. Karani, kwa nia njema, akaanza kuandika mtungi wa pili kwa jina la jirani ili baadaye wasawazishe wenyewe. Kanuni yangu ilikuwa inafundisha watu kudanganya. Sasa simu yenyewe hutengeneza nambari ya kipekee fomu inapofunguliwa, kabla ya chochote kutumwa, na hifadhidata inakataa nambari ile ile kuingia mara mbili. Bonyeza mara kumi, mstari ni mmoja. Leta mitungi mitatu, mistari ni mitatu. Zingatieni kwamba ukaguzi huo uko ndani ya hifadhidata, si kwenye ukurasa tu. Ukurasa hubadilishwa na kila kijana anayeajiriwa, na kesho kutakuwa na njia nyingine ya kuingiza data ambayo hukuifikiria.

Malipo nayo yana sharti lake. Mkulima alichukua chakula cha ng'ombe kwa mkopo. Siku ya malipo unakata deni na kuandika malipo. Hayo ni maandishi mawili. Likipita la kwanza na la pili likakwama, umemkata na hukumlipa. Ndiyo maana yote mawili hufungwa katika muamala mmoja: yanapita yote, au hakuna lililotokea. PostgreSQL huandika kwanza mabadiliko kwenye kumbukumbu yake ya pembeni kabla ya kuyagusa majedwali, ili stima ikikatika katikati ijue ikiamka ni yapi yalikamilika na ni yapi ya kutupa. Mmoja wa waliotufikisha hapa ni Jim Gray, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Turing, tuzo kubwa ya sayansi ya kompyuta, ya mwaka 1998. Januari 2007 alitoka peke yake na mashua yake ng'ambo ya San Francisco kwenda kumwaga majivu ya mama yake baharini, na hakurudi. Walimtafuta kwa ndege na kwa picha za setilaiti. Watu wa ziwa hili mnajua kungoja kwa namna hiyo. Kila ninapofunga muamala huwa namkumbuka.

Tutoke sasa kwenye laptopu.

Laptopu yako ina mtumiaji mmoja anayeijua programu vizuri. Ina toleo la Python uliloliweka mwaka jana ukalisahau. Nenosiri la hifadhidata yake ni 1234. Seva haina lolote kati ya hayo, na ina wageni wasiolala. Kodi seva mpya, usiifanyie chochote, kisha usome kumbukumbu zake baada ya saa chache. Utakuta watu wamejaribu kuingia kwa jina la root, la admin, la postgres, kutoka anwani usizozijua, mmoja baada ya mwingine. Hawakutafuti wewe. Wanapita kila nyumba wakijaribu kitasa.

Kwa hiyo mimi hupeleka programu hewani wiki ya kwanza, ikiwa bado haina kitu. Ni ukurasa mmoja usio na pambo, unaosoma mstari mmoja kutoka hifadhidata na kuuonyesha. Ukiuona mstari ule kwenye simu yako umesimama kituo cha matatu, umeshavuka sehemu inayowakwamisha wengi usiku wa mwisho, na bado una wiki zote zilizobaki za kuijenga programu kwa utulivu.

Safari yenyewe ni hii. Unakodi seva ndogo yenye mfumo endeshi wa Ubuntu. Unatengeneza mtumiaji wa kawaida, unaingia kwa ufunguo wa SSH, faili la siri linalokaa kwenye laptopu yako, unazima kuingia kwa nenosiri. Unafunga milango yote ya mtandao, ambayo kila mmoja una nambari yake, isipokuwa mitatu: 22 wa kuingilia wewe, 80 na 443 ya wavuti. Mlango wa PostgreSQL ni 5432, na huo usiufungue kwa dunia hata kama mwenzako anaomba auangalie data kutoka nyumbani. Programu na hifadhidata viko mashine moja, vinazungumza ndani kwa ndani. Mbele unaweka Nginx, inapokea wageni na kuwapeleka kwa Gunicorn, ambayo ndiyo inayoendesha Django. Unachukua cheti cha usalama bila malipo kutoka Let's Encrypt. Cheti cha kawaida huisha baada ya siku 90, kwa hiyo kujisasisha kwake kuwe kazi ya mashine, si ya kumbukumbu yako. Na unaiambia systemd, msimamizi wa programu ndani ya seva, iiwashe programu kila seva inapoamka. Jaribu kwa kuizima seva makusudi na kuiwasha. Usipojaribu wewe, itajaribiwa siku uko mazishini bara na simu haina chaji.

Maneno ya siri yakae nje ya msimbo. Ukiandika nenosiri ndani ya faili na kulihifadhi kwenye Git, inayotunza kila toleo la msimbo, kulifuta kesho hakusaidii, historia inalo, libadilishe lenyewe. Na ile hali ya Django ya kuonyesha makosa, DEBUG, izimwe. Ikiachwa wazi, kosa dogo linamfungulia mgeni msimbo wako, njia za mafaili na thamani zilizokuwa zikishughulikiwa wakati ule. Mtumiaji wa hifadhidata ambaye programu inamtumia awe na ruhusa ya kusoma, kuongeza na kurekebisha. Ya kufuta jedwali haihitaji.

Seva yetu iko Ulaya. Usiku wa Agosti 25, 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, seva haikujua lolote. Vituo vyetu vilijua. Na Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ikawa ya kukokota siku kadhaa, stima ikiwepo. Ng'ombe hakusubiri. Kituo cha mizani lazima kiweze kuandika bila mtandao: simu inahifadhi mapokezi ndani yake, na mtandao ukirudi inayatuma, kila moja na nambari yake ya kipekee, kwa hiyo hata yakitumwa mara tatu hakuna linalozidi. Ile nambari niliyoitunga kwa ajili ya kitufe kubonyezwa mara mbili ndiyo iliyotubeba siku zile.

Sasa niwaeleze siku yangu mbaya, kwa sababu nyote mtaipata ya kwenu.

Ilikuwa Alhamisi jioni, na malipo ni Ijumaa. Mkulima mmoja alikuwa amepoteza laini, meneja akanipigia nibadilishe simu yake. Kuna ukurasa wa kazi hiyo. Nilikuwa na haraka, nikaingia moja kwa moja kwenye hifadhidata na kuandika: rekebisha jedwali la wakulima, simu iwe hii. Nikabonyeza Enter kabla ya kuandika WHERE, ile sehemu inayosema ni mkulima yupi. Jibu lilikuja mstari mmoja. UPDATE 412. Nilikuwa nangoja UPDATE 1.

Wakulima mia nne na kumi na wawili, simu moja. Kesho asubuhi malipo ya wote yangekwenda kwa mtu mmoja aliyetoka kununua laini mpya.

Nikakimbilia nakala za akiba. Zilikuwepo, faili moja kwa kila usiku, kila faili na tarehe yake, zimepangika vizuri. Nikafungua ya jana. Baiti 0. Ya juzi, baiti 0. Nikarudi nyuma wiki tano, zote baiti 0. Wiki tano kabla nilikuwa nimebadilisha nenosiri la hifadhidata kwa ajili ya usalama, nikalisahau kwenye hati inayoendeshwa usiku. Kila usiku pg_dump, amri ya kuchukua nakala, ilikuwa inakataliwa mlangoni. Lakini ile alama ya > inayopeleka matokeo kwenye faili hulitengeneza faili kwanza, kabla amri yenyewe haijaanza. Kwa hiyo faili tupu lilizaliwa kila usiku, likapewa tarehe, likapangwa na wenzake. Nami kila asubuhi nilikuwa naiangalia orodha ikirefuka na moyo wangu umetulia.

Karatasi ndizo zilizotuokoa. Kabati la chuma la ofisi lilikuwa na fomu za usajili. Makarani wawili walirudi usiku ule kwa bodaboda bila kuulizia posho. Mmoja alisoma nambari, wa pili akaandika, mimi nikahakiki, taa ya chaji katikati ya meza. Tulimaliza saa kumi alfajiri. Zilizobadilishwa tangu usajili tuliwapigia wenyewe kulipopambazuka. Malipo yalichelewa siku moja, na mimi ndiye niliyesimama dirishani kuwaeleza watu sababu. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akatoa kadi yake mfukoni, akaniuliza, "Binti yangu, hiyo mashine yenu haina kadi?"

Ilikuwa nayo. Hakuna aliyekuwa ameisoma.

Tangu siku ile, kila amri ninayoiandika kwa mkono huanza na BEGIN, inayofungua muamala. Nikiona UPDATE 412 naandika ROLLBACK, inayoutengua, na kila kitu kimebaki kilivyokuwa. Hati ya usiku husimama na kupiga kelele ikikataliwa, na haiandiki jina la faili hadi faili liwe na kitu. Nakala moja inabaki kwenye seva, ya pili inakwenda kwa kampuni nyingine kabisa, ya tatu iko kwenye diski ndani ya sefu ya ushirika. Lakini hayo bado ni mafaili tu. Kilichobadilisha usingizi wangu ni kazi ya kila Jumatatu: mashine nyingine inachukua nakala ya mwisho, inajenga hifadhidata nzima kutoka mwanzo, inahesabu mistari ya wakulima na mapokezi, na kunitumia idadi kwa ujumbe. Nikisoma ujumbe ule nalinganisha na hifadhidata iliyo hai. Nakala nisiyowahi kuirejesha siihesabu tena.

Na kadi tumeirudisha mikononi mwa mkulima. Akishapimiwa, kabla hajafunika mtungi, simu yake inapokea ujumbe: kilo za zamu hii, jumla ya mwezi, namba ya risiti. Inafika hata kwenye simu ya kitochi. Meneja alilalamikia gharama ya jumbe, na alikuwa na hoja, maana si pesa kidogo kwa mwezi. Nilimwomba asizikate. Siku seva, nakala na sefu vyote vitakapopotea, mkulima atakuwa na hesabu yake mwenyewe, na anayetaka kumkadiria itabidi aanzie hapo.

Neno fupi kuhusu sheria, kwa sababu makarani wengi waliniuliza pale nje. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inasema data ikivuja kwa namna inayoweza kumdhuru mwenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ulipojua. Namba ya kitambulisho, simu, akaunti ya benki, yote mnayo. Na nakala za akiba ni data pia: diski ile ya kwenye sefu imefungwa kwa nenosiri, na anayelijua si mimi peke yangu. Kusanyeni mnachokihitaji. Fomu yetu ya zamani iliuliza dini ya mkulima, na nilipouliza ni ya nini hakuna aliyejua. Tuliifuta ile safu siku hiyo hiyo.

Nimezungumza vya kutosha. Vijana, fungueni laptopu. Hapa mezani kuna diski yenye hifadhidata ya mazoezi: wakulima wa kubuni, mapokezi ya mwezi mmoja, Ng'eno yumo. Ipakieni, mchukue nakala, mhesabu mistari ya mapokezi, na mwandike idadi pamoja na jumla ya kilo kwenye karatasi. Mpeni karani karatasi hiyo. Kisha futeni jedwali lote la mapokezi, kweli kweli, mhakikishe halipo. Makarani, nyanyukeni msimame nyuma yao, kila mmoja na karatasi yake. Wataanza kurejesha nikihesabu tatu, nanyi ndio mtakaotuambia kama kilo zimerudi zote.